Kuchoma, Kuoka na Kubanika: Elimu ya Moto na Lugha ya Upishi katika Njia ya Tabora

Katika mtaa wa Gongoni, mjini Tabora, kama katika miji mingine ya bara iliyokuzwa na misafara, jioni huanza na moshi. Mchoma nyama huwasha mkaa wake kabla jua halijatua, naye haweki kitu juu ya ndimi za moto. Hungoja hata makaa yavae majivu meupe. Akiulizwa nyama itakaa motoni kwa dakika ngapi, aghalabu hataji hesabu. Hujibu kwamba nyama yenyewe itasema. Mgeni aweza kudhani kwamba huo ni mzaha, au kwamba fundi anaficha siri ya kazi yake. Walakini jibu hilo ni la kweli, maana nyama husema kwa sauti ya mafuta, kwa rangi, kwa harufu, na kwa namna inavyokaza ikiguswa kwa kidole. Naye aliyekaa karibu na jiko kwa miaka husikia yote hayo pamoja.

Siku hizi elimu hiyo yatafutwa pia katika vitabu na madarasa ya upishi. Jambo hilo si baya, wala si la kuchekwa. Lakini lafaa kuulizwa ni kitu gani kinachopatikana, na ni kitu gani kinachopotea, kazi ya moto inapohama kutoka mkono wa fundi na kuingia katika ukurasa wa kitabu. Makala hii yalitafuta jibu katika lugha. Hoja yake ni kwamba maelezo ya upishi yaliyoandikwa kwa Kiswahili yana sarufi mbili, yaani sarufi ya desturi na sarufi ya amri. Kwamba kila moja ina historia yake. Na kwamba kuchagua baina ya hizo mbili ni kuchagua pia ni nani atakayehesabiwa kuwa mwenye elimu.

Maneno ya moto

Kiswahili hakina neno moja la asili lililo sawasawa na neno la Kiingereza barbecue. Kina vitenzi vingi, na kila kimoja chataja uhusiano wa namna yake baina ya chakula na moto. Kuoka ni kupika kwa joto kavu, kama ipikwavyo mikate au muhogo. Kuvumbika ni kufukia chakula, kama viazi, katika majivu ya moto. Kubanika ni kuweka nyama au samaki katika kijiti kilichopasuliwa, au kuitanda kwa vijiti, karibu na moto lakini si ndani yake, hata iive na kukauka. Umbo la kitenzi hiki halifichi undugu wake na kubana. Kubabua ni kuunguza juu tu, ndani kukibaki kubichi.

Kitenzi chenye maana pana kupita vyote ni kuchoma. Mwiba huchoma, mkuki huchoma, jua huchoma, na moto huchoma. Maana ya kudunga na maana ya kuunguza zimekaa katika kitenzi kimoja, na mshikaki waonyesha mahali zinapoweza kukutana: nyama hudungwa kwanza, ndipo ikabidhiwe moto. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa Frederick Johnson, ina umbo mshakiki, nayo yalieleza neno hilo kwa maana mbili, yaani kijiti chenyewe na vipande vya nyama vilivyochomwa juu yake. Hivyo chombo kimekipa chakula jina lake.

Jambo kama hilo limetokea mbali na Afrika. Neno barbecue lilitoka katika barbacoa, ambalo Wahispania walilichukua kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Barbacoa haikuwa jina la nyama wala la kiungo. Ilikuwa chanja ya miti, ambayo watu waliweza kuilalia, au kuiweka juu ya moto ili kukausha nyama na samaki. Kiswahili nacho kina chanja yake ya kukaushia, lakini hakikuipa heshima ya kuwa jina la upishi wote.

Faida ya kuyatazama maneno haya ni kwamba ndani yake mna mafunzo. Atakayejua tofauti ya kubanika na kubabua amekwisha kujua nusu ya kazi: kwamba moto wa karibu hukimbilia ngozi ya nyama na kuacha ndani kubichi, na kwamba moto wa mbali huchelewa lakini hufika. Pale ambapo maneno yote hayo humezwa na kuchoma peke yake, au na babekyu, mwanafunzi hupungukiwa na vitu ambavyo angevifahamu kwa kutajiwa tu.

Kambi na shule yake

Tabora ulikuwa mji wa njia kabla ya kuwa mji wa serikali. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani makao ya wafanya biashara Waarabu mahali pa Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekaa njiani siku 134 tangu kuondoka pwani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mharthi, ambaye kwa maneno ya Burton mwenyewe alianza maisha yake Maskat kwa kutengeneza na kuuza vitu vitamu, na baada ya miaka kumi na sita akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Mtu huyo aliyejua sukari na moto ndiye pia aliyemsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za bara. Maneno ya lugha yaliandikwa. Lakini ufundi wa sufuria, ambao mwenyeji yule alikuwa ameujua tangu ujana, haukuombwa kuandikwa.

Waliofanya kazi kubwa zaidi ya upishi katika njia ile walikuwa wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi. Posho ya mtu ilikadiriwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Nyama ilikuja kwa bahati: mnyama aliyewindwa, ng'ombe aliyetolewa na mtemi, au mbuzi aliyenunuliwa kwa nguo na shanga. Mahali pa kulala palipokwisha kupatikana, watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kula pamoja, kila kikundi na moto wake. Hapo kijana aliyetoka kwao kwa mara ya kwanza alijifunza mambo matatu bila ya mwalimu kusimama mbele yake: kutafuta kuni zinazofaa, kuulinda moto, na kugawa nyama bila ya kuzusha ugomvi. Sehemu iliyobaki ilibanikwa usiku kucha ili ichukulike kesho.

Shule hiyo haikuacha daftari. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vyaeleza nyama kama gharama na kama chanzo cha kelele kambini. Hata Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkaaji wa Tabora, na ambaye maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapishwa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959, alisimulia biashara, vita na safari, si upishi. Sababu yaeleweka. Mtu hasimulii jambo ambalo kila asikilizaye analijua. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikahama kutoka mabegani mwa watu, na shule ile ya njiani ikafungwa polepole. Ufundi wake ulihamia katika miji: katika bucha, katika masoko, na katika majiko ya barazani kama yale ya Gongoni.

Sarufi ya desturi na sarufi ya amri

Mwandishi wa kwanza wa kutazamwa katika habari ya sarufi hizi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maelezo yake ya desturi za Waswahili yalitolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Kitabu hicho si kitabu cha upishi, walakini mna habari za vyakula na karamu. Namna ya kusema ambayo desturi za aina hiyo huitaka ni ile ya hali ya mazoea: watu hufanya hivi, kitu hiki hutiwa, kile hungojewa. Kiambishi hu- hakina wakati wala hakina nafsi. Hakimwamuru mtu. Chasema tu kwamba ndivyo ilivyo kwa watu wanaojua, na msomaji aingie miongoni mwao akitaka.

Sarufi ya pili ilikuja na nyumba za walowezi. Mwaka 1928 kilitolewa Nairobi kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa walowezi wa Kenya, kazi ya chama cha wanawake wa Kanisa la Scotland. Kikachapishwa tena mara nyingi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha bara, ambacho jina lake lenyewe lilitaja kwamba ni kwa askari, mlowezi, mchimba madini, mfanya biashara, na wake zao. Lugha iliyokua katika nyumba hizo iliitwa Kisetla, na wataalamu wameichunguza kama lugha iliyopunguzwa: upatanisho wa ngeli umedhoofika, nyakati za vitenzi ni chache, na amri imekuwa nguzo ya sentensi. Lete maji. Tia kuni. Geuza nyama. Ngoja kidogo.

Ni lazima kusema hapa kwamba amri katika maelezo ya upishi si uvumbuzi wa walowezi. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa maelezo hayo, recipe, ni amri ya Kilatini yenye maana ya ‘chukua', iliyotumiwa na waganga katika kuandika dawa. Mwanamke wa London anayesoma kitabu chake jikoni hujiamuru mwenyewe: msomaji na mtendaji ni mtu mmoja. Katika nyumba ya mlowezi watu hao walikuwa wawili. Bibi wa nyumba alikuwa na kitabu. Mpishi alikuwa na moto. Bibi alisoma kipimo, akakigeuza kuwa amri ya Kiswahili kifupi. Mpishi alikisikia, akakiweka katika kumbukumbu, kisha akakisahihisha kimya kwa kadiri ya kuni zilizokuwapo na nyama iliyoletwa. Chakula kikifaulu, sifa ziliweza kwenda kwa kitabu. Kikiungua, kosa lilikuwa la mpishi. Hivyo Kiswahili kilitumiwa sana jikoni, lakini kama lugha ya kupokea elimu, si lugha ya kuitoa.

Mfano mmoja kutoka Marekani waonyesha kwamba kinyume chake chawezekana. Mwaka 1881 kilichapishwa San Francisco kitabu cha mapishi cha Abby Fisher, mwanamke aliyekuwa mtumwa katika majimbo ya kusini. Yeye hakujua kusoma wala kuandika. Alisema, na wengine wakaandika. Hapo pia watu walikuwa wawili, lakini mwenye kujua ndiye aliyesema, na mwenye kalamu ndiye aliyetii. Jina lililo juu ya kitabu ni la mpishi.

Kitabu, darasa na jiko

Baada ya uhuru Watanzania wenyewe walianza kuandika vyakula vyao. Kitabu cha Eva Pendaeli-Sarakikya kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978 kilikusanya mapishi ya nchi nzima mahali pamoja. Lakini kilitolewa kwa jina la Kiingereza, Tanzania Cookbook, na kwa lugha hiyo. Upande wa mafunzo, sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, na upishi ukawa mojawapo ya kazi zinazofundishwa na kutahiniwa. Huko Marekani kuchoma nyama kulikuwa kumekwisha kupata vitabu vyake mapema: kitabu cha jarida la Sunset mwaka 1938, na kile cha James Beard mwaka 1941. Leo hata Chuo Kikuu cha Texas A&M chafundisha upishi huo pamoja na elimu ya nyama.

Yapasa kukiri mema ya elimu ya darasani. Kwanza, yatoa sababu. Fundi ajua kwamba nyama ya ng'ombe mzee haitaki haraka. Darasa laeleza kwamba nyuzi ngumu zinazounga misuli hulainika na kuwa kama ute zikikaa katika joto la kadiri kwa muda mrefu, na kwamba rangi ya kahawia na harufu yake huja kwa nguvu pale uso wa nyama unapopita nyuzijoto 140 hivi. Fundi hupaka papai bichi. Darasa laeleza kwamba papai lina kimeng'enya kinachokata protini, na kwamba likizidi muda nyama huwa uji. Pili, elimu hiyo yalinda afya. Mapendekezo ya serikali ya Marekani ni nyuzijoto 74 kwa kuku, 71 kwa nyama iliyosagwa, na 63 kwa kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi, kisha kiachwe kitulie kwa dakika tatu. Sikio la fundi, hata likiwa hodari namna gani, haliwezi kuhesabu vijidudu.

Tatu, na hili ni kubwa, darasa lafungua mlango ambao jiko la barazani huufunga. Kazi ya kuchoma nyama ya kuuza aghalabu ni ya wanaume. Mvulana huanza kwa kuchukua mkaa, kisha hupewa kupepea, kisha kukata nyama, na baada ya muda mrefu ndipo huachiwa kugeuza. Msichana, ambaye huenda amepika nyumbani tangu utotoni, ni nadra kupewa nafasi ya kukaa usiku kando ya jiko hilo kama mwanafunzi. Katika darasa yeye na mvulana huandikwa katika orodha moja. Mtu asifuye shule ya mkono na jicho, asisahau ni nani waliokuwa wakiachwa nje yake.

Lakini kitabu kina mipaka yake. Kisemapo dakika nane kila upande, kimekwisha kudhani ng'ombe fulani, unene fulani, na moto fulani. Ng'ombe wa nchi ya Tabora ni wa jamii ya zebu, wenye nundu, waliotembea sana kutafuta majani. Nyama yao si ile ya ng'ombe waliolishwa nafaka. Makaa nayo hayafanani. Wanyamwezi, ambao lugha yao husemwa kuwa ndiyo iliyowapa wataalamu wa mimea neno miombo kwa misitu yote ya namna hiyo, huutofautisha myombo na mtundu na mninga kwa majina na kwa matumizi. Mwenye kitabu aona neno moja tu, mkaa. Mwanafunzi afuataye dakika hizo atababua, na kisha atajilaumu mwenyewe, au ataulaumu mji wake kwa kutokuwa na nyama njema. Hatajua kwamba kitabu hakikuwa kikisema naye.

Sarufi inayotakiwa

Yafuata kwamba haja iliyopo si kuchagua kitabu au jiko, bali kuandika kitabu ambacho kimekaa jikoni kwanza. Kwa kazi hiyo Kiswahili hakipungukiwi na kitu. Mafundi wa moto husema kwa viambishi na maneno yanayobeba dalili badala ya saa: -ki- kwa jambo linalotazamiwa, hata na mpaka kwa kikomo kinachoonekana, hu- kwa kawaida ya wanaojua. Maelezo ya namna hiyo yaweza kuandikwa hivi: makaa yakivaa majivu meupe, nyama huwekwa; mafuta yakidondoka na moto ukiinuka, nyama huvutwa kando; haigeuzwi hata ijiachie yenyewe katika waya; ikikaza kama nyama ya kiganja chini ya kidole gumba, huondolewa na kuachwa itulie. Hakuna amri hata moja katika maneno hayo, wala hakuna dakika, walakini mwanafunzi wa Gongoni na mwanafunzi wa Muscat au Toronto waweza kuyafuata, kila mmoja kwa makaa yake. Nyuzijoto za darasani zaweza kuongezwa pembeni bila ya kuharibu neno.

Kazi hii haiwezi kungoja sana. Kubanika, kuvumbika na chanja bado yamo katika kamusi, lakini kamusi huhifadhi neno, haihifadhi umbali wa kijiti kutoka kwenye moto. Huo umo katika mikono ya watu wanaozeeka. Wachunguzi wa lugha wamezoea kuwaendea wazee wa Tabora kwa habari za watemi, misafara na vita, na kuyaandika majibu yao kwa uangalifu. Inafaa waende pia saa za jioni, wakati makaa yanapokuwa tayari, wamwache mchoma nyama aseme, na kalamu itii.